Mtoto Aliyezaliwa Ng'ambo

Binti wa Unguja akiolewa na Mwomani na kujifungua Muscat, je, mtoto ni wetu? Sheria ya Uraia ya mwaka 1961 ilimtazama baba peke yake. Ile ya mwaka 1995 inamtambua na mama: mtoto ni raia iwapo mzazi wake mmoja ni raia wa Tanzania ambaye hakuupata uraia kwa kurithi.

Basi pasipoti ya mtoto huyo si hisani, ni haki. Wazazi nao hawana budi kutunza cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa uraia wa mama, wakikumbuka kwamba afikapo miaka 18 sharti achague uraia mmoja. Afisa amjibuye mama kuwa mtoto hufuata baba, anahukumu kwa sheria iliyokwisha kufutwa.