KUHESABU WAGENI SI KUSIMAMIA UTALII



Twaambiwa tushangilie kwa kuwa mwaka 2024 wageni waliofika visiwani walipindukia 700,000. Sisi twasema: mwenye duka hapimwi kwa wapitao mlangoni, bali kwa kilichobaki katika kasha jioni.

Twaiuliza Kamisheni ya Utalii: katika fedha ya mgeni, kiasi gani hubaki kwetu? Samaki na mboga za mahoteli hununuliwa kwa nani? Mbona Pemba hupata makombo ya Unguja?

Kutangaza bila ya kutunza kuna mwisho wake. Beit al-Ajaib, uso wa Mji Mkongwe, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, ikaua watu wawili.

Basi twataka mambo mawili. Kamisheni ichapishe kila mwaka, pamoja na idadi ya wageni, siku walizolala, mishahara ya wenyeji, na mapato ya wakulima na wavuvi wetu kutoka mahotelini. Na wavuvi, wakulima na watembeza wageni wapewe viti katika bodi yake.

Tangazo humleta mgeni mara moja. Uangalizi ndio umrejeshao. Twangoja jawabu, wala hatutachoka kuuliza.