Raia na Nyika Yake: Barua kutoka Pennsylvania

Kwa wazee wangu, ndugu zangu na jamaa wote mlioko nyumbani Tanzania,

Nataka kuwaeleza jambo la huku ugenini ambalo aghalabu halitajwi katika barua zetu, nalo ni desturi ya watu wa jimbo hili la Pennsylvania kutembea kwa miguu, wao na watoto wao, katika ardhi waliyoitenga kwa ajili ya wanyamapori.

Mpakani mwa kaunti za Lancaster na Lebanon pana eneo la hifadhi liitwalo Middle Creek, lenye zaidi ya ekari 6,000, chini ya Tume ya Wanyamapori ya jimbo, iliyoundwa mwaka 1895. Katikati yake pana ziwa lililopatikana kwa kuzuia maji ya kijito, na kandokando yapo mabwawa, mbuga za majani na mashamba ya nafaka, na juu zaidi vilima vya msitu. Zipo njia fupi, kama ile ya Willow Point, iliyosawazishwa hata mwenye kiti cha magurudumu aweza kuifikia ncha ya ziwa; na hupita humo Horse-Shoe Trail, njia ya zaidi ya kilomita 200 itokayo Valley Forge. Mwenye kutembea haulizwi kiingilio, wala haulizwi nasaba yake wala kazi yake.

Msimu mkuu wa mahali hapo ni mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, wakati batabukini weupe wanaporejea kutoka pwani ya Atlantiki kwenda kuzaliana nchi za barafu kaskazini ya Kanada, wakatua ziwani kupumzika, na katika miaka mizuri wakazidi 100,000 kwa wakati mmoja. Nimesimama pale alfajiri, baridi ikiuma vidoleni, nikawaona wamefunika maji kana kwamba ni ziwa la pamba. Mara wale wa ukingoni wakashtuka, na wenzao wakawafuata safu kwa safu, mpaka anga yote ikajaa mabawa meupe yenye ncha nyeusi, na kishindo chake mtu hukisikia kifuani. Pembeni yangu alikuwapo bibi kizee na mjukuu wake, na wengine wengi, wote wakinong'ona. Na hapakuwa na hata mmoja aliyevuka kibao cha kukataza, ijapokuwa askari hakuwapo machoni.

Adabu hiyo ina misingi yake. Sehemu ya katikati imefungwa kabisa, ili ndege na wanyama wapate maskani yasiyoingiliwa. Sehemu nyingine ni za uwindaji kwa leseni, na msimu wa wawindaji ukifika, mtembeaji huvaa nguo ya rangi ya chungwa inayong'aa ili asidhaniwe kuwa kulungu. Kila arudipo nyumbani hukagua miguu yake na ya watoto, kwa maana majanini kuna kupe wadogo sana waenezao ugonjwa wa Lyme, ambao hapa Pennsylvania umeenea mno.

Fedha nazo zina utaratibu unaofaa kuangaliwa. Tume hiyo huendeshwa zaidi kwa ada za leseni na mapato ya ardhi yake, pamoja na fungu litokanalo na sheria ya mwaka 1937, iitwayo Pittman-Robertson, inayotoza ushuru wa asilimia 11 juu ya bunduki ndefu na risasi. Na jimbo halipati fungu hilo ila liwe limejifunga kisheria kwamba ada za wawindaji hazitahamishiwa kazi nyingine yoyote.

Wala msidhani ya kuwa watu hawa walizaliwa na hekima hiyo. Misitu yao ilikuwa na njiwa wa kuhama waliokuwa wakiruka kwa makundi ya kuziba jua, wakauawa bila kiasi, na misitu yao ikafyekwa, hata yule wa mwisho akafa tunduni katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Kulungu walikaribia kutoweka, ikalazimu kuanzia mwaka 1906 kuletwa wengine kutoka nje ya jimbo. Tai mwenye kichwa cheupe, ambaye ni nembo ya taifa zima, mwaka 1983 alikuwa amesaliwa na viota vitatu tu Pennsylvania nzima, ndipo vifaranga wakaletwa kutoka Saskatchewan, Kanada, wakalelewa juu ya minara mpaka wakajua kuruka. Na leo viota vyake huhesabiwa kwa mamia.

Sasa nawaelekea ninyi, ndugu zangu. Tangu sera ya wanyamapori ya mwaka 1998, vijiji vyetu vimetenga ardhi yao wenyewe kuwa hifadhi za jamii, kama Burunge huko Babati, kati ya Tarangire na Manyara, na sadaka yao ni kubwa kuliko ya watu wa huku, maana mkulima wa hapa hamkeshei tembo shambani. Lakini ni watoto wangapi wa vijiji hivyo waliokwisha kuitembea ardhi hiyo kwa furaha, wakaonyeshwa nyayo, ndege na miti, badala ya kumjua mnyama kwa hasara yake tu, au kwa vumbi la gari la mgeni?

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa hifadhi hizo za jamii watenge siku katika kila muhula ambapo wanafunzi wa vijiji husika wataingia hifadhini bure, kwa miguu, wakiongozwa na askari wa wanyamapori wa kijiji mwenye silaha, kwa kuwa kwetu kuna simba na nyati, na hadhari ni wajibu. Mapato nayo yasomwe hadharani katika mkutano wa kijiji, na fungu la hifadhi lisiguswe kwa kazi nyingine. Na ninyi jamaa wa Tanga na Muheza, mnao msitu wa Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na ambako zipo njia za kutembea. Basi msiwaachie wageni peke yao. Ardhi ambayo raia hajaikanyaga, siku ya kunyang'anywa hataitetea, kwa sababu hatajua alichopoteza.

 

Ndugu yenu aliye ughaibuni,
Pennsylvania, Marekani