Yachuma kilo ngapi?

Ndugu msomaji, iko bidhaa moja ambayo vijana wa siku hizi huitaja bei yake kwa sauti ile ile waliyotumia wazee wetu kutaja mahari ya binti wa mwenye mji. Yaitwa kadi ya grafiki. Ni kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachochora picha tuzionazo kwenye skrini, na iliyovuma kupita zote ni RTX 5090 ya kampuni ya Nvidia ya Marekani, iliyotolewa Januari 2025 kwa dola 1,999. Ukibadilisha dola moja kwa shilingi 129 za Kenya, hizo ni kama shilingi 258,000, na hapo hujalipa nauli, hujalipa kodi ya VAT ya asilimia 16, wala muuzaji hajaweka faida yake.

Nimeingizwa katika hesabu hii na mpwa wangu, mtoto wa Mombasa ambaye riziki yake imempeleka Kericho. Ana studio ndogo huko, ahariri video za harusi na za waimbaji. Mshirika wake ni kijana wa Kikipsigis kutoka Mogogosiek, wilaya ya zamani ya Kericho ambayo leo imo katika kaunti ya Bomet, na baba wa kijana huyo ni mkulima wa majani chai. Waliniandikia: "Mjomba, tupe rai yako. Tununue au tuache?" Nami ningeliwajibu kwa maneno mawili yakaisha, lau si kwamba fedha zenyewe zilikuwa ni bonasi ya mzee.

Sisi watu wa pwani chai twaijua ikiwa kikombeni na mahamri pembeni, au ikiwa imerundikwa katika maghala yetu ikingoja mnada. Hapana budi basi nieleze bonasi ni kitu gani. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake katika viwanda vilivyo chini ya KTDA hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kila kilo ya majani mabichi. Baada ya chai kuuzwa na hesabu za mwaka kufungwa, hupewa malipo ya pili, aghalabu mnamo Oktoba. Hayo ndiyo bonasi, na ndiyo karo, ndiyo mabati ya nyumba, ndiyo deni la duka. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walipiga kelele kwa haki, kwani malipo yao yalikuwa chini sana ya waliyoyapata wenzao wa upande wa Mlima Kenya.

Tuseme kilo moja ya majani mabichi imemletea mzee shilingi 25. Nasema tuseme, maana bei hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Kadi hiyo moja ni zaidi ya kilo 10,000 za majani, majani mawili na chipukizi lake, yaliyochumwa kwa vidole na kubebwa mgongoni hadi kituo cha kuuzia. Na kwa kuwa yahitajiwa majani mabichi kilo nne na ushei kupata kilo moja ya chai kavu, hizo ni zaidi ya tani mbili za chai iliyoteremka mpaka Mombasa. Kwa kitu unachoweza kukitia kwapani!

Sasa, je, chapatikana nini kwa tani mbili hizo? Kadi iliyoitangulia, RTX 4090 ya Oktoba 2022, ilianza kwa dola 1,599 na hula umeme wa wati 450. Hii mpya imepanda bei kwa asilimia 25, na umeme umefika wati 575, nyongeza ya karibu asilimia 28. Waliozipima kwa michezo mizito walikuta kasi imeongezeka takriban asilimia 30. Yaani umepata zaidi kwa sababu umelipa zaidi na umechoma zaidi. Kumbukumbu yake imetoka gigabaiti 24 ikawa 32, na hilo ni kubwa kwa wanaoendesha programu za akili bandia nyumbani mwao. Mpwa wangu si mmoja wao.

Nvidia yajisifia pia kwamba kadi za kizazi hiki zaweza kubuni picha tatu kwa kila picha moja iliyochorwa hasa, mchezo ukaonekana laini kama maji. Ni ufundi wa ajabu kwa mcheza michezo ya kompyuta, lakini bibi harusi wa Litein haongezeki uzuri kwao. Liko moja linalomfaa mhariri wa video kweli kweli. Kamera za kisasa hurekodi rangi kwa utondoti ambao kadi za Nvidia za vizazi vya nyuma hazikuweza kuufungua zenyewe, zikaiachia prosesa ihangaike. Kadi za kizazi cha 50 zaufungua. Ila msomaji, zaufungua zote, kubwa na ndogo. Ile iitwayo RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16, iliyotoka Aprili 2025 kwa dola 429, yaani kama shilingi 55,000 kabla ya kodi, kazi hiyo yaifanya. Kubwa itamaliza kutoa video mapema zaidi, sikatai. Lakini harusi iliyopigwa Jumamosi na kuahidiwa baada ya wiki mbili haina haraka ya dakika.

Jambo la umeme vijana hawakulitia hesabuni kabisa. Studio yao imo katika nyumba ya kupanga na mita ni ya nyumbani. Kwa mita kama hizo Kenya Power hutoza kwa ngazi: ngazi ya chini ni ya anayetumia uniti 30 kwa mwezi, ya pili yafika uniti 100, na anayepita hapo hulipa bei ya juu kuliko wote. Kompyuta yenye kadi hiyo kubwa, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, itavuta wati 800 hivi. Saa tano kwa siku ni uniti 4, na kwa mwezi ni 120, hujawasha taa wala hujachemsha maji. Yenye kadi ndogo, inayokula wati 180, itatumia kama nusu ya hizo. Ongeza pawa saplai, maana mtengenezaji mwenyewe ashauri ya wati 1,000. Ongeza na betri ya akiba ya kuibeba stima inapokatika, na Kericho ni nchi ya mvua na mvua ya mawe, miti huangukia nyaya.

Kwa nini basi bei zimekuwa hivi? Kwa sababu mteja mkubwa wa Nvidia si mcheza michezo tena, wala si mpiga picha za harusi. Ni makampuni yanayojenga mabohari ya akili bandia, yanayonunua maelfu kwa maelfu. Mnamo Oktoba 2025 thamani ya kampuni hiyo katika soko la hisa ilipita dola trilioni 5, ya kwanza duniani kufika hapo. Mwishoni mwa mwaka huo bei za kumbukumbu za kompyuta nazo zikapaa, kwa kuwa mabohari hayo hayo yalikuwa yakizizoa. Anayengoja kadi kubwa ishuke bei, kwa maoni yangu, angoja meli katika bandari ya nchi kavu.

Waliniuliza vilevile habari ya kununua iliyokwisha kutumika, RTX 3090 ya mwaka 2020. Si wazo baya, ila zipo kati yake zilizokeshwa usiku na mchana zikichimba sarafu ya Ethereum, mpaka uchimbaji ule ulipokomeshwa Septemba 2022. Kwa macho huwezi kuitambua. Na habari ya mkopo wa simu wenye riba niliikata kabla haijamalizika.

Watu wa Kericho hesabu ya mashine wanaijua kuliko sisi. Mashamba makubwa ya huko yaliingiza mashine za kuchumia chai, na mnamo Mei 2023 waandamanaji wakazichoma moto baadhi yake, wakisema zimewanyang'anya kazi. Aliyepoteza mkate wake ana haki ya kulia, nami siwatetei wenye mashamba. Lakini hao walipolipa fedha zile walikuwa na ekari nyingi zikiingoja mashine asubuhi, adhuhuri na kesho yake. Studio ya wapwa zetu ina harusi tele Desemba na Agosti, kisha miezi ya katikati ni nyimbo moja mbili na kutazamana.

Mzee wa Mogogosiek hajui gigabaiti wala wati. Walipomaliza kumweleza sifa za ile kadi kubwa, aliuliza: "Yachuma kilo ngapi kwa siku?" Walicheka, wakaniandikia kama kichekesho. Niliwaambia wakae chini wamjibu kwa namba: video ngapi kwa mwezi, kila moja kwa shilingi ngapi, na ngapi kati yake wamewahi kuzikosa kwa sababu kompyuta ilikuwa nzito. Walikaa. Ile namba ya mwisho ilikuwa mbili kwa mwaka mzima, zote za Desemba.

Mzee akatoa fedha za kadi ndogo, zilizosalia zikaenda kwa mhasibu wa shule. Mpwa wangu aniambia yaenda vizuri. Ile kubwa angali anaitazama kwenye simu kila usiku kabla ya kulala.