TAHARIRI: Mtoto akichelewa kusema, Kiswahili kisisingiziwe

Wazazi wenzetu wengi huku ughaibuni wameshaambiwa maneno haya: mtoto wenu anachelewa kusema kwa sababu mnamchanganya lugha, acheni Kiswahili, semeni naye Kiingereza tu. Na kwa kuwa aliyesema ni mwalimu au muuguzi, mzazi huchukua kuwa ni amri. Sisi tunasema ushauri huo hauna msingi, na wanaoulipia ni watoto.

Tatizo lenyewe lipo. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lililoongozwa na Profesa Dorothy Bishop wa Chuo Kikuu cha Oxford lilikubaliana kuliita tatizo la ukuaji wa lugha, kwa kifupi DLD. Utafiti wa Surrey, Uingereza, uliotolewa mwaka 2016, ulikadiria kuwa karibu asilimia 7.5 ya watoto wanaoanza shule wanalo, yaani kama wawili katika darasa la watoto 30. Na hesabu hiyo ni ya watoto wa Kiingereza kitupu. Je, hao nani kawachanganya?

Ukweli ni kwamba mwenye tatizo hili huonekana nalo katika lugha zake zote. Mtoto anayepiga soga na bibi yake kwa Kiswahili, lakini akifika shuleni anababaika, huyo si mgonjwa, bado anajifunza. Ndiyo maana ni lazima apimwe katika lugha zote mbili. Asipopimwa hivyo, mzima ataitwa mgonjwa, na mgonjwa ataambiwa "ni mambo ya lugha mbili, atazoea", huku miaka inakwenda.

Tena, Kiswahili hakipimwi kwa kipimo cha Kiingereza. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watoto wa Nairobi, alionyesha kuwa watoto wadogo huangusha viambishi vya mwanzo wa kitenzi. Asiyeijua lugha yetu atajuaje lipi la umri na lipi la maradhi? Huko Kilifi, Katie Alcock na wenzake walitengeneza vipimo vya Kiswahili na Kigiriama kwa kuwahoji akina mama, hata wasiojua kusoma. Kwa hiyo inawezekana. Kinachokosekana ni nia ya kuziendeleza kazi kama hizi, na hapo vyuo vyetu vya nyumbani vinahusika.

Ndugu wazazi, mtoto akitimiza miaka miwili na bado haungi maneno mawili, msingoje. Mpelekeni apimwe masikio kwanza, kisha aonwe na mtaalamu wa lugha na usemi, na dai mkalimani. Msimwite mvivu, wala msikimbilie kusema karogwa. Na nyumbani endeleeni kusema naye lugha mnayoimudu. Mtoto mwenye shida ya kusema anahitaji maneno mengi zaidi kutoka kwa mama yake, na mama aliyekatazwa lugha yake atampa nini?