Kabla Hujamkata Kijana Mshahara, Piga Dipu Kwanza



Najua kuna atakayeuliza: bwana shamba na tanki la mafuta wapi na wapi? Jibu ni fupi. Dizeli ni pembejeo kama ilivyo mbolea. Ndiyo inayosukuma trekta, pawatila, pampu ya kumwagilia na lori linalopeleka nyanya soko la Kilombero. Tena huku kwetu Olasiti na vijiji vya jirani wapo wanaofungua vituo vidogo vya mafuta, na vijana wetu ndio wanaoajiriwa kusimama kwenye pampu. Kwa hiyo leo tuzungumze kuhusu mashine ya kusoma tanki, ile yenye kioo kule ofisini inayokuambia tanki lina lita ngapi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ile mashine ni shahidi, si hakimu. Mwenye kituo anayekata mshahara wa kijana kwa sababu tu kioo kimeonyesha upungufu anamwonea kijana, na mara nyingi anajidanganya mwenyewe.

Mnajua inavyokuwa. Asubuhi bosi anaangalia kioo, anakuta lita 80 hazionekani. Anamwita kijana wa zamu ya usiku: "Una shoti." Shoti inakatwa kwenye mshahara. Mwezi unaofuata inatokea tena, kijana anafukuzwa na kuondoka na jina la wizi mtaani. Anakuja mwingine, na tanki linaendelea kupungua vilevile.

Mashine inapima nini hasa?

Ndani ya tanki kuna fimbo ndefu ya chuma iliyosimama wima. Kwenye fimbo hiyo yapo maboya mawili. La juu linaelea kwenye mafuta. La chini ni zito kidogo: linazama kwenye mafuta lakini linaelea kwenye maji, kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta na hukaa chini kabisa ya tanki.

Mashine inasoma kimo cha maboya hayo, basi. Lita haizioni. Kimo kinageuzwa kuwa lita kwa kutumia jedwali la tanki ambalo fundi aliliingiza siku ya kufunga mashine. Jedwali likiwa la tanki jingine, au fimbo ikiwa imekaa vibaya, kioo kitakupa namba nzuri ya uongo kila siku.

Chukua tanki la lita 10,000 lililolala, lenye kipenyo cha mita 2. Mafuta yakiwa nusu ya tanki, sentimita moja ni karibu lita 64. Yakiwa yamebaki sentimita 10 kutoka chini, sentimita moja ni karibu lita 28 tu. Maana yake fimbo ikipanda kwa nusu sentimita baada ya fundi kuifungua na kuirudisha, tayari umepoteza au umepata zaidi ya lita 30 ambazo hakuna mtu aliyezigusa.

Mafuta yanasinyaa kama mahindi

Hili mkulima analielewa haraka. Ukinunua mahindi kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 18 ukayakausha mpaka asilimia 13.5, utabaki na kilo 95 hivi. Hakuna aliyeiba. Maji yameondoka.

Mafuta nayo yana tabia yake. Yakipata joto yanatanuka, yakipoa yanasinyaa. Petroli hubadilika kwa karibu lita moja kwa kila lita 1,000 katika kila nyuzi moja ya joto. Dizeli ni chini kidogo ya hapo. Sasa fikiria: mafuta ya mikoa yetu ya kaskazini huingilia bandari ya Tanga, pwani, kwenye joto. Yanapanda kuja Arusha, na mwezi wa saba mnajua baridi ya Meru ilivyo. Lita 10,000 za petroli zikipoa kwa nyuzi 10 zitapungua kwa lita 90 hadi 100. Zile lita 80 za kijana wa usiku huenda zimekwenda huko.

Kuna mtego mwingine. Mashine nyingi huonyesha ujazo wa aina mbili: ujazo ulivyo sasa hivi ndani ya tanki, na ujazo uliorekebishwa kana kwamba mafuta yana nyuzi 15. Pampu yako ya kawaida inauza lita kama zilivyo. Ukilinganisha mauzo ya pampu na ule ujazo uliorekebishwa, wakati mafuta yako yana nyuzi 23, kwa lita 10,000 za petroli utaona pengo la karibu lita 75. Hiyo ni shoti ya karatasi. Muulize fundi wako akuonyeshe mstari upi ni upi, kisha weka alama kwa kalamu kwenye karatasi ya mfano na uibandike ukutani.

Kagua haya kabla ya kumwita mtu mwizi

1. Piga dipu. Ingiza fimbo ya kupimia tanki, soma kimo, linganisha na kimo kilichoko kwenye kioo. Usianze na lita, anza na kimo. Vimo vikilingana na lita hazilingani, kosa liko kwenye jedwali. Vimo visipolingana, kosa liko kwenye fimbo ya mashine au boya. Angalia pia kama tanki limelala kwa mteremko, kwa sababu kimo cha upande mmoja hakiwi sawa na cha upande wa pili.

2. Namba haibadiliki ingawa mnauza. Boya limekwama, mara nyingi kwa uchafu. Likichomoka ghafla, kioo kitaonyesha kama lita mia mbili zimeyeyuka kwa dakika moja. Hakuna binadamu anayeiba kwa kasi hiyo kwa kutumia dumu.

3. Saa ya mashine. Umeme ukikatika na betri ya ndani ikiwa imekufa, saa hurudi nyuma au huanza upya. Ripoti ya zamu inakatwa muda usio wake, mauzo ya mmoja yanaangukia kwa mwingine. Angalia vilevile mashine imeandika 07:00 na daftari limeandika saa moja. Nyote mko sahihi, ila anayejumlisha akichanganya, mmoja ataumia.

4. Lori lilishusha lini? Mkiuza wakati lori linashusha, mashine itaona mafuta machache kuliko yaliyoingia, kwa sababu mengine yanatoka papo hapo. Simamisha mauzo ya tanki hilo. Baada ya kushusha, subiri angalau nusu saa mafuta yatulie na povu la dizeli liishe ndipo usome. Ni kama maziwa: hakuna mkusanyaji makini anayepima povu.

5. Kengele ya maji. Usiizime ukaendelea kuuza. Paka kwenye ncha ya fimbo ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, upige dipu. Rangi ikibadilika, acha kuuza tanki hilo na umwite fundi. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, anza kukagua kifuniko cha shimo la tanki na mpira wake. Maji kidogo kwenye dizeli yanatosha kuharibu pampu ya sindano ya trekta ya mkulima aliyekopa ili alime.

6. Kioo kimezima au kimepoteza tanki. Angalia umeme, soketi na fyuzi ya ofisini. Hapo ndipo mwisho wako. Waya unaoenda kwenye tanki usiuguse wala usiuunge kwa waya wa kawaida wa nyumba. Umetengenezwa makusudi usitoe cheche kwenye mvuke wa petroli. Panya wakiukata au maji yakiingia kwenye kiungio, hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa. Na kwenye shimo la tanki hakuna simu, hakuna sigara, hakuna kuingia mtu.

7. Pampu yenyewe. Omba ikaguliwe kwa ndoo rasmi ya lita 20. Pampu inayotoa lita 20.1 badala ya 20 inampendeza mteja, lakini ukiuza lita 2,000 kwa siku unapoteza lita 10, sawa na lita 300 kwa mwezi. Wakala wa Vipimo ndio wenye mamlaka ya kuhakiki na kuweka lakiri. Usimruhusu fundi wa mtaani akate lakiri hiyo.

"Lakini vijana wanaiba kweli!"

Wapo. Sitetei mwizi. Nasema daftari linamkamata mwizi vizuri kuliko hasira. Andika dipu asubuhi na jioni, kila makabidhiano ya zamu, wote wawili wasaini. Baada ya wiki tatu au nne utaona upungufu unamfuata nani.

Ukimfuata mtu mmoja, kila zamu yake na si za wenzake, hapo una sababu ya kumuuliza. Ukitokea zamu zote kwa kiwango kinachopanda na kushuka na mauzo, angalia pampu. Ukija kila lori linaposhusha, angalia dereva, joto na jedwali. Mafuta yakipungua usiku wakati kituo kimefungwa na hakuna aliyeuza hata lita, hilo ni kubwa kuliko yote: huenda tanki au bomba linavuja. Acha kuuza na toa taarifa EWURA. Mafuta yaliyoingia ardhini yanafika kwenye kisima cha jirani, na kisima kikishanuka petroli hakisafishwi kwa klorini.

Ona hasara ya kukimbilia kumlaumu kijana. Kama tanki linavuja, kila mwezi unaokata mshahara ni mwezi mwingine wa kuvuja. Umepata laki moja ya kijana, umepoteza mafuta ya mamilioni, na umewaharibia maji watu wa mtaa mzima.

Na sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata anavyojisikia. Ili kukata kwa ajili ya hasara, mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, na apewe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara halisi, wala yasizidi robo ya mshahara wake. Kijana anayeonewa anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Bosi mwenye picha ya kioo tu atapata shida kueleza mbele ya Tume kosa la kijana ni lipi.

Wewe kijana wa pampu, nawe usisubiri kuonewa. Usipokee zamu bila dipu. Piga picha ya namba za pampu na daftari ukiwa ofisini. Ukisaini karatasi ya shoti bila kuisoma, umejifunga mwenyewe.

Sisi tusio na kituo

Kikundi au AMCOS yenye tanki dogo la dizeli la trekta haihitaji mashine ya gharama. Fimbo iliyohakikiwa, jedwali sahihi la tanki, daftari na watu wawili wa kusaini vinatosha. Anzeni hapo. Mashine ikija baadaye, ije kusaidia daftari, na daftari lisitupwe.

Mkulima unayenunua mafuta, dai risiti kila mara. Trekta ikizima kwa maji kwenye dizeli, risiti ndiyo itakayoonyesha ulinunua wapi na lini. Na ukisikia kituo kimefunga pampu moja kwa sababu ya kengele ya maji, usiwakasirikie. Wamepoteza mauzo ya siku ili injini yako ipone. Hao ndio wa kurudi kwao.

Stashahada yangu ni ya kilimo, ufundi wa tanki namwachia fundi. Ila kupima kwa haki ni jambo moja, iwe kwenye mzani wa mahindi, ndoo ya maziwa au tanki la petroli. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua kituo, toa fimbo, piga dipu, andika. Ukiona pengo, rudi kwenye zile hatua saba. Jina la mtu likishachafuliwa, hata ukigundua baadaye kwamba lilikuwa boya, hutaweza kulisafisha.

Kazi njema.