Kinanda Kisicho na Mama

Hivi karibuni nilialikwa Mbeya kuzungumza na vijana wanaojifunza kinanda na uongozaji wa kwaya. Ukutani zilibandikwa picha za watunzi: Bach, Mozart, Beethoven na wenzao, wote wanaume. Darasani wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana. Mmoja wao aliponiuliza kama yuko mwanamke aliyewahi kutunga muziki wa piano, mwalimu wake aliniwahi kujibu: “Wanawake ni waimbaji.”

Huo ni uongo, tena uongo unaofundishwa.

Fanny Hensel, Mjerumani aliyefariki mwaka 1847, alitunga kazi zaidi ya 400. Baba yake alimwandikia kwamba muziki ungeweza kuwa kazi kwa mdogo wake, Felix Mendelssohn, bali kwake uwe pambo tu. Sonata ya Pasaka aliyoitunga mwaka 1828 ilihesabiwa kuwa ya Felix, mpaka mtafiti Angela Mace alipothibitisha mwaka 2010 kwamba mwandiko ni wa Fanny.

Nanyi watumishi wa umma, mjueni Louise Farrenc. Aliteuliwa profesa wa piano katika chuo cha muziki cha Paris mwaka 1842, akalipwa chini ya wanaume waliofanya kazi ileile. Alidai haki yake kwa miaka kadhaa, na mwaka 1850 akalipwa sawa nao.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Ikiwa Fanny hatuhusu, Bach anatuhusu kwa lipi? Na Florence Price, Mmarekani mweusi, tumweke wapi? Simfonia yake ilipigwa na okestra kuu ya Chicago mwaka 1933, naye ameacha sonata ya piano. Hata hivyo, rundo la maandishi yake lilikuja kupatikana mwaka 2009 katika nyumba iliyotelekezwa huko Illinois. Tunalalamikia mitaala ya kikoloni, kisha tunarithi hata ufutaji wake bila kuuhoji.

Nasi tunafuta wa kwetu. Iringa niliketi na kwaya iliyokuwa ikijifunza wimbo mpya. Mama mmoja wa sauti ya pili ndiye aliyeuleta, maneno na sauti. Karatasi ya nota ilipotoka, penye jina la mtunzi paliandikwa jina la mwalimu aliyeuandika. Mama yule hakulalamika. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alichofanya kinaitwa kutunga. Siti binti Saad tunamjua leo kwa sababu sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928 na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Asiyeandikwa hupotea, hata kama wimbo wake unaimbwa kila Jumapili.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, kila mwalimu wa kinanda wa Nyanda za Juu Kusini afundishe walau kazi moja ya mwanamke kila muhula. Asisingizie gharama: nota za Fanny na za Farrenc zinapatikana bure mtandaoni. Pili, kila kwaya iandike jina la aliyetunga na, kando yake, jina la aliyeandika nota. Hayo hayasubiri waraka wa wizara.

Binti wa Mbeya, swali lako lilikuwa sahihi. Wanawake hao wapo. Dai nota zao, kisha andika zako, na uziwekee jina lako.