70 ya Nairobi si 70 ya Kampala

Wasee wa Kibera na Kawangware, acheni kutishwa na gredi za watu. 70 Chuo Kikuu cha Nairobi ni A. Vuka Busia na hiyo 70 yako, Makerere wanaiita B. Huku ukipata 45 umepita, kule umeanguka. Kwani akili hupungua mpakani?

Sasa ongeza kalenda. Mkenya anamaliza KCSE Novemba, anaingia chuo mwaka unaofuata, Agosti au Septemba. Mtanzania anafanya mtihani wa kidato cha sita Mei, Oktoba au Novemba yuko chuo. Hiyo miezi tisa yetu, mtoto wa Kileleshwa anapumzika. Wa Kawangware anaenda mjengo, na akishazoea kushika pesa kila jioni, kurudi darasani ni ngumu. Hata akiingia, 2025 wahadhiri waligoma siku 49. Mwenye ploti Kibera hajui mgomo, yeye anajua kodi.

Najua mtasema, "Wewe uliacha chuo, hizo ni sizitaki mbichi hizi." Sawa, niliacha. Lakini sijasema masomo ni bure. Nasema hivi: mwajiri, kabla hujatupa barua ya mtu kwa sababu ya gredi, uliza imetoka wapi na imemla miaka mingapi. Aliyesoma miaka sita kozi ya miaka minne, bado anadaiwa kodi, si mjinga. Huyo ndiye mvumilivu unayemtafuta.